Nimebeti hela ya kwaya. Je, Mungu bado ananisikia?

*"Shikamoo Mchungaji. Nina miaka 17, nasoma kidato cha tatu shule ya kutwa, na ni mweka hazina wa kwaya ya vijana kanisani kwetu. Likizo ya Juni nilianza kubeti kwa jero, kwa laini ya kaka yangu. Mkeka wa kwanza, yaani timu kadhaa nilizotabiri kwa dau moja, ulinipa 38,000. Nikamnunulia mama mchele na mafuta, nikamdanganya kwamba nilipata kibarua cha kubeba zege. Tangu hapo naliwa tu. Mwezi uliopita nilichukua hela ya sare za kwaya nikijua Jumapili nitairudisha. Mkeka ukachanika kwa timu moja. Nikachukua tena. Sasa imefika 85,000. Nimetubu mara nyingi, nimefunga siku tatu, nimeweka nadhiri, lakini Jumamosi mechi zikianza narudi palepale. Rafiki yangu anasema kubeti si dhambi, hata mitume walipiga kura. Mimi naogopa nimemkufuru Roho Mtakatifu, maana nimeiba hela ya Mungu kama Anania na Safira. Mama ni mjane, anauza mbogamboga, akijua ataumia sana. Je, Mungu bado ananisikia? Nifanyeje?"*

Marahaba, mwanangu. Umeuliza kama Mungu bado anakusikia, na nitaanzia hapo kwa sababu najua ndilo linalokunyima usingizi. Lakini ndani ya barua yako kuna maswali mengine mawili ambayo hukuyauliza waziwazi: kwa nini mtu anayempenda Mungu anatubu Jumapili na kurudi Jumamosi, na hiyo 85,000 itarudi vipi. Yote matatu yanahusiana, tena sana.

Soma Marko sura ya 3 kuanzia mstari wa 22. Waandishi wametoka Yerusalemu, wamemwona Yesu akitoa pepo kwa macho yao, kisha wanasema anafanya hivyo kwa nguvu za Beelzebuli. Hapo ndipo Yesu anapotaja dhambi isiyosamehewa, na mstari wa 30 unatoa sababu: ni kwa vile walivyosema kwamba ana pepo mchafu. Wale watu hawakuwa na hofu wala majuto. Waliitazama kazi ya Mungu wakaiita ya shetani, na wakatulia. Wewe umefunga siku tatu ukilia. Hofu uliyo nayo inaonyesha kwamba Roho hajaacha kusema nawe. Kwa hiyo, ndiyo, Mungu anakusikia.

Kuhusu Anania na Safira, tusipite haraka, maana sitaki kukupa faraja nyepesi. Shamba lilikuwa lao, na Petro mwenyewe anamwambia Anania kwamba hata baada ya kuuzwa, fedha ilikuwa katika uwezo wake. Kosa lao lilikuwa kuleta sehemu na kujifanya wameleta yote. Walitaka kanisa liwaone watu wasiokuwa wao. Kwa hiyo kiasi ulichochukua sicho kinachokusogeza karibu nao. Kinachokusogeza ni kusimama mazoezini na daftari mkononi, kila mtu akidhani hela ipo. Tofauti yenu ni kwamba Petro alimwuliza Safira, naye Safira akashikilia uongo uleule, wakati wewe umeanza kusema kweli kabla hujaulizwa. Umeanza kwangu, mtu wa mbali usiyemjua. Ni mwanzo mzuri, ila hautoshi, na nitarudi hapo.

Kuna kosa moja la kufikiri ambalo nalikuta kwa vijana wengi waliookoka, na nadhani nawe unalo. Wanahesabu kuvutwa na kuanguka kama jambo moja. Jumamosi mawazo ya mkeka yanakuja, kijana anajiambia, "Tazama, moyo wangu umeshaoza, nimeshaanguka," halafu anamalizia, "basi bora nibeti tu." Waebrania 4:15 inasema Yesu alijaribiwa sawasawa na sisi katika mambo yote, bila kufanya dhambi. Kama kujaribiwa kungekuwa dhambi, mstari huo usingeandikika. Yakobo naye, sura ya 1 mstari wa 14 na 15, anapanga hatua: mtu anavutwa na tamaa yake, tamaa inachukua mimba, inazaa dhambi, dhambi ikikomaa inazaa mauti. Kati ya hatua na hatua kuna nafasi. Akani katika Yoshua 7 aliona, akatamani, akatwaa, akaficha chini ya hema. Ukiirudia Jumamosi yako polepole utazikuta hatua hizo nne kwa mpangilio huohuo, na utagundua kwamba unapoanza kupigana unakuwa tayari uko kwenye ya tatu.

Rafiki yako ana hoja, na inastahili jibu la haki. Mitume katika Matendo 1 walipiga kura kumpata mtu wa kuchukua nafasi ya Yuda. Hakuna aliyeweka dau, na hakuna aliyepata kwa sababu mwenzake amepoteza, kwa hiyo mfano huo haufiki kwenye kubeti. Lakini ni kweli pia kwamba hakuna mstari unaosema "usibeti", na Wakristo hawasemi sauti moja hapa. Katekisimu ya Kanisa Katoliki haisemi kwamba michezo ya bahati ni uovu yenyewe kwa yenyewe. Inasema haikubaliki pale inapomnyima mtu anachohitaji yeye au wengine, na inaonya kwamba inaweza kumfanya mtu mtumwa. Walokole wengi na wachungaji wengi wa Kilutheri wanaikataa moja kwa moja, na mimi nasimama nao. Ila kwa habari yako hatuhitaji kumaliza mjadala huo. Huna miaka 18, na sheria ya michezo ya kubahatisha Tanzania hairuhusu mtu wa umri wako kucheza. Umetumia jina la mwingine. Umemdanganya mama. Hela haikuwa yako. Hata anayetetea kubeti hawezi kukutetea hapo.

Sasa swali la kwa nini unarudi. Nataka ulielewe vizuri, kwa sababu umekuwa ukipigana na kitu usichokijua kinavyofanya kazi.

Ubongo wa binadamu una kemikali iitwayo dopamini, ambayo kazi yake kubwa ni kutusukuma kufuatilia kitu. Hupanda sana pale tunapongojea jambo lisilo na uhakika, kuliko pale tunapopata kilicho hakika. Mshahara wa mwisho wa mwezi hauukimbizi moyo kama dakika ya 88 ukiwa umebakiza timu moja. Ndiyo maana ule ushindi wa kwanza wa 38,000 ulikuwa hatari kuliko hasara zote zilizofuata: ulikufundisha kwamba inawezekana, na ulikufundisha ukiwa na furaha ya kumletea mama mchele. Na kwa umri wako, sehemu ya mbele ya ubongo, inayopima matokeo na kusema "ngoja kwanza", bado inakua, na itaendelea kukua hadi miaka ya ishirini na kitu. Silisemi hilo kama udhuru. Nalisema ujue kwamba kwa sasa unahitaji uzio wa nje zaidi ya atakavyouhitaji mtu wa miaka 35.

Halafu kuna ule mkeka uliochanika kwa timu moja. Tufanye hesabu. Chukua mkeka wa timu 10, kila moja ina nafasi 70 katika 100 ya kushinda, yaani timu unazoziita za uhakika. Nafasi ya zote 10 kushinda ni kama 3 katika 100. Nafasi ya kuchanika kwa timu moja tu, tisa zikiwa zimeshinda, ni kama 12 katika 100. Umeona? Kukosa kwa timu moja hutokea zaidi ya mara nne ya kushinda. Wewe ulikuwa unaisoma kama dalili kwamba umekaribia, kumbe ndivyo mikeka mirefu ilivyo. Watafiti wa ubongo wameonyesha pia kwamba kukosa kidogo huamsha sehemu zilezile zinazoamka mtu anaposhinda, na humtia hamu ya kuendelea ingawa amepoteza. Mkeka mrefu unampa mchezaji hisia hiyo wiki baada ya wiki.

Kampuni nayo ina sehemu yake katika kila odi, yaani namba inayozidishwa na dau lako ukishinda. Tuseme matokeo mawili yana nafasi sawa kabisa. Odi ya haki ingekuwa 2.00, kampuni inakupa 1.90. Ukibeti buku mara 100, umetoa 100,000 na kwa wastani zinarudi 95,000. Kwenye mkeka wa timu 10 makato hayo yanazidishana: 100,000 inarudi kwa wastani kama 60,000. Hiyo siyo bahati mbaya yako. Kwa hiyo ule mpango wako wa kurudisha hela ya sare kwa kubeti ulikuwa ni kuchota maji kwa pakacha, hata kama ungefunga siku arobaini. Wale wanaouza "mechi za kupangwa" kwenye magrupu ya simu ni matapeli. Angekuwa na matokeo ya kesho angebeti mwenyewe akanyamaza.

Kufukuzia hela iliyopotea ni dalili ninayoiangalia kwanza kijana akija kwangu kwa jambo hili. Shirika la Afya Duniani limeuweka uraibu wa kamari katika orodha yake ya magonjwa, toleo la ICD-11 lililoanza kutumika 2022. Sisemi wewe ni mraibu. Hilo huamuliwa na mtu aliyekaa nawe ana kwa ana. Lakini wazazi huniuliza: sasa ni ugonjwa au ni dhambi? Naona swali hilo linatenganisha vitu ambavyo maisha hayavitenganishi. Kidole kilichobonyeza kilikuwa chako, na hela ya watu ilitoka mfukoni mwa watu. Hiyo ni dhambi na ina jina lake. Pia kuna mwili uliofundishwa tabia, na tabia haiondoki kwa sala ya dakika tatu. Anayekuambia ni pepo tu, akataka na sadaka ya kukufungua, usimpe hata shilingi.

Sasa niguse toba yako. Naamini ilikuwa ya kweli. Tatizo ni kwamba imefanyika usiku, peke yako, kila mara. Umemwambia Mungu, ambaye alikuwa anajua, ukaacha kumwambia kila mtu ambaye hajui. Na siri ndiyo inayoulisha mchezo huu. Ukiwa na siri unajitenga, ukijitenga unajisikia mchafu, ukijisikia mchafu unatafuta kitu cha kukusahaulisha, na simu iko mkononi. Petro na Yuda wote wawili walijuta, tena ndani ya saa chache. Yuda alibaki na majuto yake, akaenda nayo peke yake hadi mauti. Petro alilia kwa uchungu, lakini siku ya tatu tunamkuta yuko na wenzake. Paulo katika 2 Wakorintho 7:10 anaiita moja huzuni iliyo kwa jinsi ya Mungu, na nyingine huzuni ya dunia. Yakobo 5:16 inasema tuungame dhambi zetu sisi kwa sisi na kuombeana, mpate kuponywa. Nadhiri yako ilikosa mtu wa pili.

Hapa kwetu tuna urithi mkubwa wa jambo hili. Uamsho wa Afrika Mashariki ulipolipuka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na huku Tanganyika, watu waliutambua kwa mambo mawili: waliookoka waliungama waziwazi, wakiita kutembea nuruni, na walirudisha walivyoiba. Mfanyakazi alirudi kwa mwajiri wake na kitu alichochukua zamani. Walielewa kwamba dhambi inayomgusa mtu haimalizwi kwa kumwambia Mungu tu. Hata hivyo sikushauri usimame mbele ya usharika mzima. Nimeona vijana walioungama hadharani wakabaki na jina baya miaka mingi, na waliosikiliza hawakuwa na jukumu lolote la kuwalea. Ungamo lako liende kwa waliodhulumiwa na kwa watakaokusaidia kusimama. Hao ni mama, viongozi wa kwaya, na mtu mzima mmoja wa kiume unayemwamini kanisani.

Najua unafikiria njia nyingine. Ya kwanza ni kutafuta vibarua, kurudisha kimyakimya, mambo yaishe. Ina uzuri wake: hela itarudi, mama hatalia. Lakini utabaki na daftari, utabaki na siri, na kabla 85,000 haijatimia kutakuwa na Jumamosi nane au kumi za kupita nazo peke yako. Umeshazijaribu. Ya pili ni kukopa kwenye mikopo ya simu. Usiguse, kabisa. Riba zake ni kali, baadhi ya wakopeshaji hupiga simu kwa ndugu zako kukudhalilisha, na laini si yako. Ya tatu ni kusema. Hii ina gharama na sitakuficha. Utavuliwa uweka hazina, na ni haki. Huenda ukawekwa chini ya nidhamu ya kanisa kwa muda. Huenda maneno yakavuja mtaani. Mama atalia. Lakini mwanangu, mama ataumia zaidi akiambiwa na mwenyekiti wa kwaya siku ya kununua vitambaa kuliko akiambiwa nawe.

Hesabu 5:7 inasema mwenye hatia aungame, arudishe kwa ukamilifu, na aongeze sehemu ya tano. Kwa 85,000, sehemu ya tano ni 17,000. Zakayo aliahidi mara nne. Sikuwekei sheria hiyo shingoni, na hakuna ziada itakayokununulia msamaha. Lakini andika mpango wa kulipa wenye tarehe, hata kama ni 5,000 kwa wiki na vibarua vya likizo, uupeleke kwa viongozi wa kwaya ukiwa na mama au yule mzee. Achia daftari siku hiyohiyo kabla hawajalidai. Usimwachie mama alipe yote kwa mboga zake. Akisisitiza kukusaidia, mshukuru, ukatafute kibarua cha kumrudishia.

Halafu uzio. Akaunti iko kwa jina la kaka, kwa hiyo naye lazima ajue. Yeye ndiye wa kupiga huduma kwa wateja na kuomba ifungwe, akibadilisha na namba ya siri ya kutolea hela kwenye laini. Kama kaka naye anabeti, hutaweza kuendelea kushika simu yake, hata ya kupigia. Futa programu, toka kwenye magrupu ya mikeka. Jumamosi kuanzia saa 9 alasiri simu yako ikae kwa mama, maana mechi nyingi za Uingereza huanza saa 11 au 12 jioni na wewe una mazoezi ya kwaya. Kibanda umiza uachane nacho kwa msimu huu. Mpira wenyewe si adui yako, ila pale kila anayekaa pembeni yako ana mkeka mkononi. Hamu ikipanda, toka ulipo, nenda walipo watu; mara nyingi itapoa ndani ya nusu saa usipoilisha. Yusufu hakubaki chumbani akiomba nguvu. Alikimbia, akaacha na vazi. Na 2 Timotheo 2:22, inayotuambia tuzikimbie tamaa za ujanani, inaendelea kusema tufuate haki pamoja na wamwitao Bwana kwa moyo safi. Vijana wengi huukariri mwanzo wa mstari huo na kusahau "pamoja".

Kuna mambo ambayo maandishi yangu hayawezi kuyabeba. Kama baada ya kusema na kuweka uzio bado unajikuta unaiba au unauza vitu ili ubeti, kama hulali au huwezi kusoma, nenda na mtu mzima hospitali ya wilaya au ya mkoa mkaulizie huduma za afya ya akili. Uraibu wa kamari una tiba ya mazungumzo inayosaidia, na kwenda huko si kukosa imani. Na kama umewahi kuwaza kwamba afadhali ufe, usingoje kumaliza kusoma hapa. Mwambie mtu aliye karibu nawe sasa hivi, au piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto, inayopatikana Tanzania na pia Kenya na Uganda. Kwa miaka 17 wewe bado unahesabiwa mtoto, na namba hiyo ni yako.

Kama hujui pa kuanzia na mama, subiri amemaliza kazi, amekaa, hakuna wateja. Usianze na "usikasirike". Sema hivi: "Mama, ile hela ya mchele haikuwa ya zege. Nilibeti. Na nimechukua 85,000 ya kwaya." Halafu nyamaza umwache aongee, hata akiongea kwa hasira. Ukihofia ulimi utakwama, andika maneno hayo kwenye karatasi umpe asome ukiwa umekaa hapo. Mpango wa kulipa mwonyeshe baadaye, siyo dakika ileile. Fanya hivyo kabla ya Jumamosi hii.